Palepale, Kulekule, Mlemle: Marejeo ya Ndege Wahamaji na Msamiati wa Mahali katika Kiswahili, kwa Mfano wa Babati

1.0 Utangulizi

Mji wa Babati umekaa kando ya ziwa lenye jina hilohilo, katika Bonde la Ufa, karibu na Mlima Kwaraa. Ni mji wa njia panda. Barabara itokayo Arusha kwenda Dodoma hupita hapo, na nyingine hushika upande wa Singida. Tangu mwaka 2002, Mkoa wa Manyara ulipomegwa kutoka Mkoa wa Arusha, Babati imekuwa makao makuu ya mkoa. Aidha, ni njia panda ya lugha. Kigorowa na Kiiraqw ni lugha za Kikushi. Kirangi na Kimbugwe ni za Kibantu. Kitatoga, kinachosemwa na Wabarbaig, ni ya Kiniloti, na vivyo hivyo Kimaasai. Wasemaji wa lugha hizo zote hukutana sokoni na kusemezana kwa Kiswahili.

Mvua za vuli zinapokaribia, wageni wengine hufika Babati kwa njia ya anga. Mbayuwayu huzagaa juu ya ziwa na mashamba. Korongo weupe hushuka katika nyika na kutembea taratibu wakiokota panzi. Kaskazini ya mji, katika maziwa ya magadi ya Burunge na Manyara, heroe huweza kuonekana kwa maelfu, na mwaka unaofuata wasionekane. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo watoto wa shule huliuliza na wataalamu wa ndege wamelifanyia kazi kwa zaidi ya karne moja: Je, ndege wanaohama hurudi mahali palepale kila mwaka?

Majibu ya wenyeji wa sehemu kama hii hutofautiana. Mmoja atasema ndege hurudi, kwani huwaona kila mwaka. Mwingine atasema hawajapata kuondoka, kwani wako mwaka mzima. Wa tatu atasema ndege hawana desturi, huja wanapotaka. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba wote watatu wanaweza kuwa wamesema kweli, na kwamba tofauti yao haitokani na uhodari wa macho, bali na maneno matatu yaliyomo katika swali lenyewe: jina la ndege, kitenzi cha kurudi, na neno la mahali. Maneno hayo yakichambuliwa, swali hupata majibu yaliyo wazi zaidi. Hali kadhalika, itaonekana kwamba Kiswahili kina nyenzo za kulijibu ambazo wasemaji wake wanazo tayari, ingawa hazijatumiwa ipasavyo katika uandishi wa sayansi.

2.0 Mahali katika Sarufi ya Kiswahili

Kiswahili, kama zilivyo lugha nyingi za Kibantu, kina ngeli tatu za mahali, ambazo wanaisimu huziita ngeli ya 16, ya 17 na ya 18. Sarufi ya E. O. Ashton iliyochapishwa mwaka 1944 ilizieleza kwa namna ambayo walimu wengi wameifuata tangu hapo: pa- huonyesha mahali mahususi, ku- huonyesha mahali pasipo mipaka dhahiri, au upande wa kuelekea, mu- huonyesha ndani ya kitu. Nomino moja huweza kuchukua upatanisho wa ngeli zote tatu. Ziwani pana ndege, ziwani kuna ndege na ziwani mna samaki ni tungo sahihi, na kila moja ina mahali pake pa kutumika.

Kionyeshi cha mbali kinaporudufiwa, hupatikana palepale, kulekule na mlemle. Kazi ya urudufu huo ni kusisitiza kwamba kinachotajwa ni kilekile wala si kingine. Lakini usisitizo huo haufuti tofauti ya ngeli. Mtu akisema, “Nimeliacha jembe palepale,” msikilizaji anajua kwamba liko katika nukta ileile. Akisema, “Wamehamia kulekule Kondoa,” haimaanishi nyumba ileile, bali upande ule wa nchi. Akisema, “Paka amejificha mlemle darini,” panahusika uwazi wenye kuta.

Kwa hiyo swali la ndege kurudi “mahali palepale” limeuliza jambo moja tu kati ya matatu. Linauliza kuhusu nukta, na kuacha nje upande na undani. Katika lugha nyingi za Ulaya, ambamo utafiti mwingi wa ndege umeandikwa, fungu moja la maneno hubeba maana zote tatu, na mwandishi hulazimika kuongeza maelezo ya ziada ili aeleweke. Msemaji wa Kiswahili hafanyi kazi hiyo, sarufi imeshamfanyia. Sehemu zifuatazo zinapima tofauti hiyo kwa ndege watatu.

3.0 Mbayuwayu: Jina Moja, Ndege Wengi

Ugumu wa kwanza ni jina. Katika Kiswahili, mbayuwayu, ambaye kamusi humtaja pia kwa jina la barawai, si ndege wa aina moja. Ni jina la jamii nzima ya ndege wadogo wenye mabawa marefu wanaonasa wadudu wakiwa wanaruka. Ndani ya jamii hiyo wamo wakazi na wamo wageni. Yule mwenye manyoya mawili membamba kama waya mkiani hupenda kujenga chini ya madaraja na karibu na maji, na haendi mbali na makazi yake. Yupo pia mwenye michirizi kifuani, ambaye naye hutaga mayai yake katika Afrika Mashariki. Lakini mbayuwayu wa Ulaya, Hirundo rustica, mwenye paji na koo la rangi ya kutu na mkia wa panda, hujenga kiota chake Ulaya na Asia, na hapa Tanzania hajengi kabisa. Huonekana kuanzia Septemba hivi hadi Aprili, kisha hutoweka.

Mwenyeji anayesema kwamba mbayuwayu hawajapata kuondoka amewaona wakazi. Anayesema kwamba hurudi kila mwaka amewaona wageni. Jina moja limewaficha wawili, na ubishi wao hautakwisha mpaka jina lenyewe ligawanywe.

Huyu mgeni ana uzito wa gramu 20 hivi. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya hawakujua anakokwenda wakati wa baridi. Aristotle aliamini kwamba baadhi yao hujificha mashimoni. Na katika karne ya 16 Olaus Magnus, askofu wa Sweden, aliandika kwamba hulala chini ya maji ya maziwa. Jibu lilianza kupatikana mwaka 1899, mwalimu wa Kidenmaki, Hans Christian Cornelius Mortensen, alipoanza kuwavisha ndege pete za alumini zenye namba na anwani. Mwezi Mei 1911, wakili mmoja wa Uingereza, John Masefield, alimvisha pete mbayuwayu aliyekuwa na kiota nyumbani kwake katika kaunti ya Staffordshire. Desemba 1912 ndege huyo alipatikana Natal, Afrika Kusini. Kwa mara ya kwanza ncha mbili za safari ya mbayuwayu wa Uingereza ziliunganishwa kwa ushahidi wa mkononi.

Pete zimeendelea kutumika tangu wakati huo, na zimetoa jibu lenye sehemu mbili. Upande wa kuzaliana, mbayuwayu aliyekwishazaa hurudi kwa uaminifu mkubwa. Hurudi katika banda lilelile la ng’ombe, na mara nyingine katika kiota kilekile, akakikarabati kwa tope jipya. Makinda yao, wakishakomaa, kwa kawaida hujenga mahali pengine, ingawa si mbali na walikozaliwa. Kwa Kiswahili sanifu kisicho na ziada: wazee hurudi mlemle, vijana hurudi kulekule.

Upande wa Afrika, hali ni nyingine. Mbayuwayu hulala kwa makundi makubwa katika matete na vichaka, na mchana hutawanyika kufuata wadudu, ambao nao hufuata mvua. Baadhi yao wamenaswa tena katika eneo lilelile la kulala katika miaka ya baadaye, lakini mvua ikihama, kundi huhama. Uaminifu wao hapa ni wa ku-, si wa pa-.

Jambo hili linagusa pia kitenzi. Katika Ulaya ipo methali ya kale, inayopatikana hata kwa Aristotle, isemayo kwamba mbayuwayu mmoja halet majira ya kuchipua. Huko ndege huyu ni mtangazaji wa mwisho wa baridi. Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu. Ila kwa anayeishi Babati, mbayuwayu yuleyule angeweza kuwa dalili ya vuli. Ndege mmoja “anarudi” mara mbili kwa mwaka, na kila upande humwona kuwa wake. Kitenzi kurudi kina kwao ndani yake. Asemaye fulani amerudi ameshaamua kwamba hapa ndipo kwake. Wanasayansi huamua kwa kiota, na hiyo ni kanuni inayofaa. Hata hivyo, ndege anayekaa Afrika karibu nusu ya mwaka, akabadilisha huku manyoya yake ya kurukia na kula wadudu wa mashambani, si rahisi kumwita mpita njia. Methali husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu ameshapewa jembe siku nyingi.

Wapita njia wa kweli wapo, nao wana kitenzi chao. Huko Ngulia, katika Hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, tangu mwaka 1969 watafiti wamekuwa wakiwanasa ndege wahamaji nyakati za usiku wa ukungu, hasa Novemba na Desemba, taa za hoteli zinapowavuta chini. Mamia ya maelfu wamevishwa pete. Wengi wa ndege hao hawaendi Ngulia, wanapita Ngulia. Kupita si kurudi, na takwimu za kituo cha kupita haziwezi kusomwa kama takwimu za makazi.

4.0 Korongo: Nukta Upande Mmoja, Upeo Upande wa Pili

Neno korongo lina mzigo mkubwa zaidi. Kwanza ni jina la ndege wakubwa wenye miguu mirefu, wa jamii zaidi ya moja. Pili ni jina la mnyama wa jamii ya swala. Tatu ni bonde jembamba lililochimbwa na maji, kama Korongo la Olduvai. Katika nchi ya Babati na Kondoa maana hii ya tatu inafahamika sana, kwa sababu mmomonyoko umechimba makorongo mengi, na mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kuyakabili. Sarufi huwatenganisha kwa wingi na upatanisho: korongo wametua, makorongo yamepanuka.

Korongo anayehusika hapa ni korongo mweupe wa Ulaya. Ndiye aliyetoa ushahidi wa kwanza wa kushikika kwamba ndege wa Ulaya huja Afrika. Mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz kaskazini mwa Ujerumani, alipatikana korongo aliyechomwa shingoni na mkuki wa urefu wa sentimita 80 hivi, naye akaruka nao mpaka huko. Mkuki huo ulitambuliwa kuwa wa Afrika. Ndege huyo alikaushwa na anahifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Ni kweli kwamba mkuki haukuwa na anwani wala namba, lakini ulifanya kazi ya pete karibu miaka 80 kabla ya pete ya Mortensen.

Korongo hujenga juu ya mapaa, mabomba ya moshi na nguzo, na kiota kimoja huweza kutumika kwa miaka mingi. Wale wa Ulaya ya mashariki hawavuki bahari pana, kwa sababu huelea juu ya hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini, na juu ya maji hewa hiyo ni haba. Hivyo hupitia Bosporus, Mashariki ya Kati, Sinai na bonde la Nile hadi Afrika Mashariki na Kusini.

Tangu miaka ya 1990 vyombo vidogo vinavyowasiliana na setilaiti vimewezesha kumfuata korongo mmojammoja. Aliyefahamika zaidi ni jike wa Loburg, Ujerumani, aliyepewa jina la Prinzesschen. Alifuatiliwa tangu mwaka 1994 hadi alipokufa Afrika Kusini mwezi Desemba 2006. Safari zake zilionyesha wazi tofauti ya pa- na ku-. Kiangazi alirudi eneo lake la kuzalia. Njia yake ya kuvuka kwenda Afrika ilifanana mwaka hadi mwaka. Lakini mahali pake pa kukaa wakati wa baridi ya Ulaya palibadilika. Hapakuwa na nyika moja ya Afrika iliyoweza kujivunia kwamba ni yake.

Sababu ni chakula. Korongo hufuata panzi, nzige na viwavijeshi, na wadudu hao hutokea mvua iliponyesha. Mwaka ambao viwavijeshi wamevamia uwanda mmoja, korongo hujaa hapo. Mwaka unaofuata uwanda huo huwa mtupu. Mkulima wa Babati akisema, “Mwaka huu hawakuja,” amesema kweli kuhusu shamba lake. Hakusema lolote kuhusu korongo kwa jumla, kwani pengine wako kulekule, safari ya siku moja kutoka hapo.

Ipo pia hali ya kutorudi. Korongo vijana wengi husalia Afrika kwa mwaka mmoja au zaidi kabla ya kurejea Ulaya kuzaa. Kwa upande mwingine, korongo wengi wa Ulaya ya magharibi siku hizi hawavuki tena jangwa la Sahara. Hubaki Hispania wakijilisha katika majalala. Desturi ya ndege, kama ilivyo desturi ya lugha, hubadilika ndani ya vizazi vichache mazingira yanapobadilika.

Hatimaye yupo korongo wa Abdim, mdogo na mweusi zaidi, ambaye huzaa katika ukanda wa Sahel wakati wa mvua za huko, kisha huja kusini. Ncha zote mbili za safari yake ziko Afrika. Wanafunzi wanaofundishwa kwamba kuhama kwa ndege ni kuikimbia baridi ya Ulaya huwa hawana nafasi ya kumweka ndege huyu. Yeye haikimbii baridi, anaifuata mvua.

5.0 Ndege Huijuaje Njia?

Huenda mtu akauliza kama uaminifu huo ni kumbukumbu au ni silika. Jaribio lililofanywa na A. C. Perdeck wa Uholanzi na kuchapishwa mwaka 1958 lilitoa jibu lenye mantiki nzuri. Maelfu ya kwezi wa Ulaya walinaswa Uholanzi wakiwa safarini kuelekea kusini-magharibi, wakachukuliwa hadi Uswisi na kuachiwa huko. Wale wazima, ambao walikwisha kufanya safari hiyo kabla, waligeuza mwelekeo na kuelekea makao yao ya kawaida, kaskazini mwa Ufaransa na kusini mwa Uingereza. Wale wachanga waliendelea na mwelekeo uleule wa kusini-magharibi, na wakaishia kusini mwa Ufaransa na Hispania.

Mtoto, basi, huzaliwa na upande. Mzee hujifunza mahali. Silika humpa ndege ku-, uzoefu humpa pa-. Jua, nyota, sumaku ya dunia na alama za ardhini zote husaidia, lakini nukta ya marejeo haipatikani mpaka ndege awe ameshafika hapo mara moja akiwa na akili timamu. Kutokana na hilo, mahali pa ndege panapoharibiwa, kinachopotea si miti na maji pekee; ni ujuzi wa wazee pia.

6.0 Heroe: Ndege Asiye na Kalenda

Heroe mdogo, ambaye katika mazungumzo huitwa pia flamingo, huvuruga kabisa swali la awali. Chakula chake kikuu ni viumbe vidogo vya rangi ya buluu-kijani vinavyostawi katika maji ya magadi. Ziwa Babati, ambalo maji yake ni baridi, halimfai. Manyara na Burunge humfaa, lakini si kila wakati. Ziwa Manyara ni la kina kifupi. Mvua zikizidi, magadi huyeyushwa na chakula huadimika. Mvua zikikosekana, sehemu kubwa ya ziwa hukauka. Heroe huruka usiku na kwenda ziwa jingine: Natron, Bogoria, Nakuru au kwingineko. Ufuatiliaji kwa setilaiti uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba safari zao kati ya maziwa ya Bonde la Ufa hazina ratiba ya mwaka wala mpangilio wa zamu. Maji ya maziwa ya Kenya yalipopanda katika miaka ya 2010, Nakuru, iliyosifika duniani kwa heroe wake, ilibaki na wachache.

Ndege huyu hahami kwa maana ya mbayuwayu. Huhamahama. Kiswahili kimeitenga dhana hiyo kwa urudufu: kuhama ni tendo lenye mwanzo na mwisho, kuhamahama ni tendo linalorudiwa bila kituo kilichowekwa.

Lakini lipo jambo moja ambalo heroe hana uhuru nalo. Ziwa Natron, ambalo liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa mwaka 2001, ndilo mahali pekee pa kudumu pa kuzalia heroe wadogo wa Afrika Mashariki, ambao ndio sehemu kubwa ya heroe wadogo wote duniani. Mtaalamu Leslie Brown alithibitisha mazalio hayo mwaka 1954, na alikaribia kupoteza maisha akijaribu kuyafikia kwa miguu katika tope la magadi. Mwaka 1962 Natron ilifurika, na zaidi ya heroe milioni moja wakajenga viota Ziwa Magadi, Kenya. Huko maelfu ya makinda waligandwa miguuni na pingu za magadi, na watu walilazimika kuwavunjia pingu hizo ili waweze kutembea. Mbadala ulikuwepo, lakini ulikuwa wa dharura na wenye gharama.

Kwa hiyo, heroe hula popote na huzaa mlemle.

7.0 Neno na Hatima ya Mahali

Tofauti hizi si za darasani tu. Katikati ya miaka ya 2000 kulikuwa na mpango wa kujenga kiwanda cha magadi Ziwa Natron, na mjadala mkubwa ulizuka kabla mwekezaji hajajitoa mwaka 2008. Katika mjadala wa aina hiyo hoja moja hujitokeza kirahisi: heroe ni ndege wa kuhamahama, wakisumbuliwa hapa watakwenda kule. Hoja hiyo ni sahihi kwa ziwa la kulia, na ni kosa kubwa kwa ziwa la kuzalia. Neno moja, lisipofafanuliwa, lingeweza kufuta kizazi.

Kinyume chake pia ni hatari. Ziwa Manyara likikaa miaka miwili bila heroe, mtu anaweza kusema kwamba ndege wamekwisha na hifadhi yake haina maana tena. Kumbe ziwa la mhamahamaji halipimwi kwa mwaka mmoja. Kutokuwepo kwake leo si ushahidi kwamba hatalihitaji kesho. Na kila ziwa moja likiondolewa katika mtandao, mengine yote hupungukiwa na thamani. Mwaka 2004 heroe wengi walikufa Manyara, na utafiti ukahusisha vifo hivyo na sumu ya viumbe vya majini vilivyostawi kupita kiasi. Katika hali kama hiyo kuwa na ziwa jingine la kukimbilia ndiyo bima pekee ya ndege. Ndiyo sababu mikataba ya kimataifa kuhusu spishi zinazohama, ule wa Bonn wa mwaka 1979 na ule wa ndege wa majini wa Afrika na Ulaya-Asia wa mwaka 1995, hutazama njia nzima badala ya nukta moja.

Zaidi ya hayo, kitenzi kuhamahama hakitumiki kwa ndege tu. Katika magazeti na nyaraka za Tanzania, mafungu “wafugaji wa kuhamahama” na “wahamaji” yametumika kwa miaka mingi kwa Wamaasai na Wabarbaig, mara nyingi kwa maana ya watu wasio na kwao. Historia ya Mkoa wa Manyara ina mfano wa jinsi maana hiyo inavyoweza kufanya kazi. Mashamba makubwa ya ngano yalipoanzishwa Hanang kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 na kupanuliwa katika miaka ya 1970, Wabarbaig walipoteza malisho waliyoyatumia kwa zamu, kwa msimu. Nchi iliyoachwa ipumzike ilihesabiwa kuwa nchi isiyo na mwenyewe. Mfugaji anayekwenda kwenye maji wakati wa kiangazi na kurudi kwenye majani wakati wa masika hazururi. Anarudi kulekule kila mwaka, na mara nyingi palepale, penye kisima na makaburi ya wazee wake. Lugha iliyomwita mhamahamaji ilimwona alipoondoka, haikumwona aliporejea.

Si kusudi la mhadhara huu kumlinganisha binadamu na ndege. Kusudi ni kuonyesha kwamba kosa la kilugha ni lilelile: kumtazama anayesafiri kutoka nukta moja, kisha kuhukumu safari nzima kwa kutokuwepo kwake hapo.

8.0 Hitimisho

Swali la awali sasa linaweza kujibiwa. Je, ndege wahamaji hurudi mahali palepale kila mwaka? Wengi wa waliokwisha kuzaa hurudi palepale au mlemle walipozalia. Wengi wao, wakiwa Afrika, hurudi kulekule, kwa kadiri ya mvua na chakula. Vijana huanza kwa kujua upande, kisha hujifunza mahali. Wapo wanaopita tu. Na wapo, kama heroe, wanaohamahama katika kula na kung’ang’ania mahali pamoja katika kuzaa.

Kutokana na uchambuzi huu, mambo matatu yanapendekezwa kwa wanafunzi na wataalamu wa Kiswahili. Kwanza, istilahi za elimu ya ndege zitenganishe kuhama, kuhamahama, kupita na kurejea, na zitumie ngeli za mahali kama nyenzo ya kitaaluma, badala ya kutafsiri fungu moja la kigeni kwa “mahali palepale” kila linapotokea. Pili, majina ya jumla kama mbayuwayu na korongo yapatiwe vivumishi vitakavyowatofautisha wakazi na wageni, kwa kuanzia na maneno ambayo watu wanayatumia tayari. Tatu, majina hayo yatafutwe pia katika lugha jirani. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliochapisha Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, na kamusi ya Kiiraqw ya mwaka 2002, ni ushahidi kwamba kazi hiyo inawezekana. Wagorowa, Wambugwe, Warangi na Wabarbaig wamewatazama ndege wa Babati kwa vizazi vingi. Wazee wanaoyajua majina hayo hawatakuwepo daima, na ujuzi wao, kama ule wa kwezi wazima wa Perdeck, ndio unaojua nukta.

Mtoto wa Babati husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari hukutana na elimu ya viumbe kwa Kiingereza. Akifika huko akiwa amezoea kuuliza, “Ni palepale, ni kulekule, au ni mlemle?”, atakuwa amevuka na swali lililo bora kuliko lile atakalolikuta kitabuni. Ni wajibu wa wanataaluma wa Kiswahili kuhakikisha kwamba swali hilo limeandikwa mahali ambapo ataliona.